Kiungulia na moyo kwenda mbio: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni muuguzi hapa Moshi. Maswali haya nimeyaokota kwenye benchi la kupima presha, mahali ambapo mtu akishafungwa mkanda mkononi ndipo anasema kilichomleta hasa. Nimeyaacha karibu na maneno ya waulizaji wenyewe, na nimeyapa namba ili yanayoingiliana yarejeane bila kurudiwa.

Kama wewe au mtu aliye pembeni yako anaumwa kifua sasa hivi, nenda moja kwa moja swali la 5.

## Mambo ya msingi

1. Kiungulia ni nini, na kina tofauti gani na vidonda vya tumbo?

Kiungulia ni tindikali ya tumboni kupanda kwenye umio, ile njia ya chakula inayotoka kooni. Mwisho wa umio pana msuli wa mviringo unaojikaza kama mdomo wa mfuko uliofungwa kamba. Ukilegea, au tumbo likijaa kupita kiasi, tindikali inarudi juu. Tumbo lina utando wa kuihimili, umio hauna, ndiyo maana unaungua nyuma ya mfupa wa kifua na wakati mwingine unahisi uchachu mdomoni.

Kidonda cha tumbo ni jeraha kwenye ukuta wa tumbo au mwanzo wa utumbo mwembamba. Sababu zake kubwa ni mbili: bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye kazi ya kumtambua iliwapa Barry Marshall na Robin Warren wa Australia tuzo ya Nobel mwaka 2005, na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Huku kwetu kila anayeumwa juu ya kitovu anasema "nina vidonda", hata kama hajapimwa. Jina hilo likishakaa, hakuna anayetafuta kingine, na hapo ndipo shida inapoanzia (maswali ya 5 na 8).

2. Kwa nini kiungulia kikija moyo nao unakwenda mbio?

Kiswahili kinavichanganya viungo hivi viwili tangu zamani. Pale juu ya tumbo, mbavu zinapokutana, tunapaita chembe cha moyo. Mtu akitaka kutapika anasema moyo unamchafuka. Kwa hiyo mgonjwa akiniambia "sista, moyo", namwomba kwanza anionyeshe kwa kidole, na mara nyingi kidole kinaangukia tumboni.

Lakini uhusiano upo kweli, na njia zake ni zaidi ya moja. Umio hupita nyuma kabisa ya moyo, umegusana na chumba cha juu cha kushoto. Neva moja kubwa, vagasi, inatoka kwenye ubongo na kugawa matawi kwa umio, tumbo na moyo. Umio ukichomwa, habari inapita kwenye neva ileile inayosaidia kuongoza mapigo. Kisha kuna suala la nafasi. Tumbo lililojaa chakula na gesi husukuma juu kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na moyo umekalia kiwambo hichohicho. Daktari Mjerumani Ludwig Roemheld alieleza jambo hili mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo dalili za moyo zinazotoka tumboni huitwa kwa jina lake. Hata bila kiungulia, baada ya mlo mkubwa moyo huongeza kasi kidogo kwa sababu damu nyingi inahitajika tumboni.

Njia ninayoiona zaidi kuliko zote ni hofu. Kifua kinaungua usiku wa manane, mtu anafikiri anakufa, adrenalini inamwagika, moyo unakimbia, na kukimbia kwenyewe kunamthibitishia kwamba anakufa. Si uongo wala si kujidekeza. Mapigo yanapanda kweli, mkanda wa presha unayaona.

3. Je, asidi inaweza kuingia ndani ya moyo?

Hapana. Umio na moyo ni majirani wenye kuta zao. Kinachopita kati yao ni habari za neva na msukumo wa nafasi.

4. Kiungulia cha muda mrefu kinaweza kuniletea ugonjwa wa moyo?

Tafiti kadhaa zimeona kwamba wenye kiungulia sugu hupata kwa wingi kidogo hali ambayo vyumba vya juu vya moyo hutetemeka bila mpangilio, na mapigo yakawa hayana hesabu. Kuonekana pamoja bado si ushahidi kwamba kimoja kimezaa kingine. Unene, pombe na kukatika pumzi usingizini huleta vyote viwili kwa mtu mmoja. Ninachoweza kukuambia ni kwamba wapo ambao kiungulia kikitibiwa vizuri na kuruka kwa moyo kunapungua, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha kukitibu.

## Kujua ni tumbo au ni moyo

5. Nitajuaje kama ni kiungulia au shambulio la moyo?

Kwa kuhisi tu, huwezi kuwa na uhakika. Hata daktari hawezi, ndiyo maana kuna ECG, kipimo cha umeme wa moyo.

Kiungulia huunguza, huja baada ya kula, huzidi ukiinama au ukilala. Shambulio la moyo mara nyingi hubana au hulemea, kama gunia limewekwa kifuani. Huweza kuenda taya, shingo, bega au mkono, huja na jasho la baridi, pumzi kukata na kichefuchefu. Ila kwa mama, kwa mzee na kwa mwenye kisukari linaweza kuja kimyakimya: uchovu usioelezeka, moyo kuchafuka na maumivu kwenye chembe cha moyo, basi. Na usijitulize kwa sababu dawa ya asidi "ilisaidia". Maumivu ya moyo pia huweza kuja na kupoa yenyewe, na dawa ikapewa sifa isiyo yake.

Swali linalosaidia kuliko mengine ni hili: yanakuja wakati gani? Baba yangu mdogo alipewa dawa za gesi kwa wiki tatu mahali alipokwenda kutibiwa. Maumivu yake hayakuwa yanakuja baada ya kula. Yalikuja akipandisha mteremko na mzigo wa majani ya ng'ombe, na akikaa chini yanaisha. Hakuna aliyemuuliza, nami sikumuuliza, ingawa hii ndiyo kazi yangu. ECG ilipopigwa sehemu ya moyo ilikuwa imeshakufa. Yu hai, lakini kihamba chake, shamba la nyumbani, sasa kinahudumiwa na vijana wa kukodi.

Utafiti uliofanyika kwenye idara ya dharura hapa Moshi na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba wengi waliokuwa na shambulio la moyo hawakutambuliwa walipofika hospitali. Kwa hiyo ukifika, sema wazi: "Nina maumivu ya kifua, naomba ECG." Si utovu wa adabu. Maumivu yakizidi dakika 15, au yakiwa na jasho, pumzi kukata au kuzimia, usisubiri kupambazuke. Tafuta gari, usipande bodaboda peke yako. Mtu mzima asiye na mzio wa aspirini, ambaye hajawahi kutapika damu, anaweza kutafuna aspirini ya miligramu 300 wakati usafiri unatafutwa.

6. Mapigo ninayapimaje nyumbani?

Kaa dakika tano bila kuongea. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Washa saa ya simu na uhesabu dakika nzima, si sekunde kumi ukazidisha, maana mapigo yasiyo na mpangilio hudanganya ukikatisha.

Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Andika namba, saa, ulichokula, na kama yanakwenda sawasawa kama saa ya ukutani au yanarukaruka. Karatasi ya wiki mbili ya namna hiyo inamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa. Ukikuta 150 au zaidi umekaa tu, au mapigo hayana mpangilio kabisa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukiwa na kizunguzungu au kuzimia, nenda saa hiyohiyo.

7. Nikibeua au nikitapika, moyo unatulia palepale. Si gesi hiyo?

Inaweza kuwa gesi. Lakini naomba usome jibu hili hadi mwisho, kwa sababu hapa watu wengi hupotezwa miaka.

Kuna kasoro ya umeme wa moyo ambayo mapigo hupanda ghafla, kama mtu aliyewasha swichi, yakafika 150 hadi 200 na zaidi, kisha yakazimika ghafla vilevile. Hutokea hata kwa vijana wenye moyo mzima kabisa. Kinachoweza kuizima ni kuistua neva ya vagasi: kujikamua kama unayekwenda haja kubwa, kutumbukiza uso kwenye maji ya baridi, kubeua kwa nguvu, kutapika. Kwa hiyo aliyetapika akapona ataapa kuwa tatizo lilikuwa tumboni, kumbe amejitibu moyo bila kujua.

Angalia linavyoanza na linavyoisha. La kiungulia na hofu hupanda pole pole na kushuka pole pole. Lenye kuanza na kukatika ghafla linahitaji ECG, hasa likinaswa lenyewe likiwa linaendelea. Na hali hii inatibika.

8. Nina vidonda vya tumbo, na siku hizi nikipanda ngazi moyo unadunda hadi masikioni. Ni asidi?

Huenda unavuja damu. Kidonda huweza kutoa damu kidogo kidogo bila maumivu makali. Damu ikipungua, moyo unalazimika kukimbia ili ile iliyobaki itoshe mwili mzima. Angalia choo: cheusi, chenye kunata kama lami na harufu kali isiyo ya kawaida ni damu iliyopita tumboni. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi, hivyo taja kama unavitumia. Angalia pia viganja na ndani ya kope kama vimepauka.

Kipimo cha wingi wa damu ni cha bei ndogo na kipo zahanati nyingi. Kama umekuwa unameza diklofenaki kwa ajili ya mgongo au magoti, sema, maana wengi hawaihesabu kuwa dawa. Kutapika damu, au kitu kinachofanana na machicha ya kahawa, ni dharura.

9. Niombe vipimo gani?

Anza na vya karibu: presha, mapigo, wingi wa damu, sukari, ECG. Kama shingo imevimba, unakonda ingawa unakula na mikono inatetemeka, omba kipimo cha homoni za rovu, yaani tezi ya shingoni. Tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi hukimbiza moyo usiku na mchana. Kipimo cha choo kwa ajili ya Helicobacter pylori kinafaa zaidi ya kile cha damu, kwa sababu cha damu huweza kubaki chanya hata baada ya kupona. Endoskopia (kamera ya kutazama umio na tumbo) na eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) hufanyika hospitali kubwa kama KCMC, na daktari ndiye atakayeona kama unavihitaji. Kwa mapigo yanayokuja na kuondoka kuna kifaa cha kuvaliwa saa 24.

## Chakula, vinywaji na usiku

10. Niache kahawa?

Si lazima. Kahawa huwasha kiungulia kwa wengine na kwa wengine haifanyi kitu. Moyo wa mtu mzima mwenye afya huvumilia vikombe viwili vitatu kwa siku. Iache wiki mbili, kisha irudishe, uone mwenyewe. Vinywaji vya kuongeza nguvu ni habari nyingine, hasa kwa madereva wa usiku wanaokunywa makopo mawili na tumbo tupu. Mirungi, mbali na kuwa haramu kisheria hapa Tanzania, hukimbiza moyo na kupandisha presha moja kwa moja.

11. Kila Desemba nikirudi nyumbani napata kiungulia na moyo unaruka. Mwaka mzima niko mzima. Kwa nini?

Kwa sababu Desemba huko nyumbani ni mbege, bia, nyama choma, mtori wa asubuhi juu ya nyama ya jana, na usingizi wa saa nne tu kwa usiku. Pombe hulegeza ule msuli wa swali la 1 na huvuruga umeme wa moyo. Madaktari wa Marekani walieleza mwaka 1978 jinsi watu wenye moyo mzima walivyofika hospitali na mapigo yaliyovurugika baada ya kunywa sana wikendi na sikukuu, wakauita moyo wa sikukuu. Mara nyingi hutulia pombe ikiisha mwilini. Ikiwa mapigo yamebaki bila mpangilio hadi kesho yake, usirudi Dar es Salaam nayo. Pimwa huku huku kabla ya safari.

12. Bibi alituzoesha kulamba magadi au kunywa maziwa. Vinafaa?

Bibi hakukosea kwa saa ya kwanza. Magadi huzima tindikali kweli, ila yanatengeneza gesi inayovimbisha tumbo, na yana chumvi ya sodiamu nyingi. Kwa mwenye presha, figo au moyo dhaifu, chumvi hiyo inavuta maji mwilini. Ukiyalamba kila siku kwa wingi unaweza kushusha potasiamu kwenye damu, na potasiamu ikishuka moyo hupoteza mpangilio: dawa ya kiungulia ikaleta ugonjwa ule uliokuwa unauogopa. Magadi yabaki kwenye maharage, tena kidogo. Maziwa hupoza kwa muda, kisha huamsha tindikali zaidi.

13. Nilale upande gani? Nikilalia kushoto nasikia moyo unagonga.

Kushoto ndiko kunakopunguza kiungulia, kwa sababu tumbo hukaa chini ya mdomo wa umio. Kinachotokea ni kwamba ukilalia kushoto moyo husogea karibu na ukuta wa kifua, ukausikia zaidi. Kuusikia si sawa na kwenda mbio. Hesabu kama nilivyoeleza swali la 6 na mara nyingi utakuta 70.

Kama bado inakunyima usingizi, lala chali na uinue kichwa cha kitanda sentimita 15 hadi 20 kwa kuweka matofali chini ya miguu ya kitanda. Kurundika mito hakusaidii, kunakunja tumbo. Na chakula cha mwisho kiliwe muda wa saa tatu kabla ya kulala. Najua kwa anayefunga duka saa tatu usiku hili ni gumu, basi mlo mkubwa uwe mchana na usiku ule kidogo.

## Dawa

14. Natumia omeprazoli miaka miwili. Ina madhara kwa moyo?

Ni dawa nzuri ikitumiwa kwa mpango: nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa, kwa wiki nne hadi nane, kisha daktari aamue. Ikitumika zaidi ya mwaka huweza kushusha magnesiamu mwilini. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2011. Magnesiamu ikipungua misuli hukaza na moyo huruka, na hatari huongezeka kama unatumia pia dawa za presha za kukojoza. Pima magnesiamu kabla ya kuongeza dozi.

Usiikatishe ghafla. Tumbo lililozoea kuzuiwa hujibu kwa tindikali nyingi kwa muda, na utadhani ugonjwa umerudi na nguvu. Wapo wanaohitaji dawa hii kwa muda mrefu kwa sababu za msingi, na wao wasiiache kwa kusoma ukurasa huu.

15. Tangu nianze dawa ya presha, kiungulia na mapigo vimeanza pamoja. Inawezekana?

Inawezekana kabisa. Nifedipini hulegeza mishipa ya damu, moyo ukaongeza kasi kufidia, na hulegeza pia msuli wa chini ya umio. Dawa moja, dalili mbili. Aminofilini ya pumu hufanya vilevile, na salbutamoli hukimbiza moyo. Usiache dawa, rudi kwa aliyekuandikia na umweleze tarehe ulipoanza, zipo nyingine.

16. Naweza kununua domperidoni ya kichefuchefu bila cheti?

Nakusihi usifanye hivyo. Huweza kurefusha muda ambao umeme wa moyo huchukua kujirudisha baada ya kila pigo, mapigo yakavurugika, hasa ikichanganywa na antibiotiki iitwayo erithromaisini. Dawa nyingine ya kiungulia, sisapraidi, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2000 kwa sababu kama hiyo. Na kama una ranitidini ya zamani kabatini, itupe. Nchi nyingi ziliiondoa kuanzia 2019 na 2020 kwa hofu ya kemikali inayohusishwa na saratani.

## Hali za pekee

17. Ni mjamzito wa miezi saba, naungua kifua na moyo unakwenda mbio. Wanasema mtoto ana nywele nyingi.

Hongera, mama. Nywele tutaziona akizaliwa. Homoni za mimba hulegeza msuli wa umio, mtoto anabana tumbo, na moyo wa mjamzito huongeza mapigo kwa sababu damu imeongezeka. Kula kidogo mara nyingi. Lakini kama unatamani udongo wa pemba au mchele mbichi, pima damu, maana hamu hiyo huenda pamoja na upungufu wake (swali la 8). Maumivu makali ya chembe cha moyo yenye kichwa kuuma na macho kuona nyotanyota si kiungulia: inaweza kuwa presha ya mimba, njoo leo.

18. Mimi ni mgumu (mpagazi), nabeba mizigo Mlima Kilimanjaro. Juu Kibo moyo unakimbia usiku na kifua kinaungua.

Kileleni ni mita 5,895, na tayari kwenye kambi za juu hewa ni nyepesi kiasi kwamba moyo lazima uende haraka hata umelala. Hilo ni la kawaida. Kiungulia kinatokana na ugali mwingi unaoliwa usiku kisha kulala papo hapo, na vidonge vya ibuprofeni vya kichwa. Ila pumzi ikikata umekaa, kikohozi kikizidi, au ukitembea kama mlevi, huo si moyo wala tumbo, ni mlima; shuka usiku huohuo, na mwambie kiongozi bila kuogopa kukosa safari inayofuata.

19. Nilipokuwa mtoto niliumwa homa na viungo vikavimba. Sasa chakula kinakwama kifuani na mapigo hayana mpangilio. Nimepewa dawa ya asidi.

Njoo ufanyiwe eko. Homa ile huenda ilikuwa homa ya baridi yabisi (rheumatic fever), ambayo inaanzia kwenye maambukizi ya koo na kuacha makovu kwenye milango ya moyo. Mlango wa kushoto ukiwa mwembamba, chumba kilicho juu yake hutanuka miaka kwa miaka, na chumba hicho ndicho kilichogusana na umio (swali la 2). Kikitanuka sana kinaubana umio kwa nyuma, chakula kikakwama, na umeme wake ukavurugika. Hapa moyo ndio unaousumbua umio, na dawa ya asidi haiwezi kuufikia.